Maono Niliyoyatunga

Juzi, katika kanisa moja la Nyamityobora, Mbarara, nilimwona mtoto akisukumwa mbele aeleze alichoonyeshwa na Mungu. Niliinuka nikatoka nje.

Nilikuwa na umri kama wake, katika chumba chetu cha maombi kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kuta zilinukia udongo mbichi. Dada yangu Furaha alilala mkekani akihema kwa homa, na Mama alikwisha kufunga nguo kwenye kitenge tayari kwa safari ya hospitali. Desturi yetu ilikuwa kila aliyeomba aseme alichoona. Zamu ikanifikia.

"Na weye, mutoto, umeona nini?" aliuliza mzee wa maombi.

Nilikuwa nimeona giza tu, nikadhani hiyo ni dhambi.

"Nimeona Furaha anachota maji."

"Haleluya. Mungu amesema kwa mutoto."

Mama akafungua kitenge, akarudisha nguo.

Tulimpeleka hospitali siku tatu baadaye, homa ilipozidi. Alipona, lakini hasikii tena.

Sikatai kwamba Mungu bado huonyesha watu. Mimi hakunionyesha kitu. Furaha huwaeleza wajukuu, kwa mikono, kwamba maono yangu ndiyo yaliyomwokoa, kisha hunigeukia, nami huitikia kwa kichwa.