Pole Niliyoitoa Malinyi

Niliondoka Ifakara asubuhi bila mpango, na mfuko wa vitabu vya kufariji wafiwa na vya siku za mwisho. Naviuza, navisoma pia.

Malinyi nikaona turubai, kina mama kimya mkekani, moto wa magogo unawaka mchana. Mjuzi mimi, nikajua ni msiba. Nikavua kofia: "Poleni kwa msiba." Nikawasomea kwa sauti habari za wafu kufufuka.

Dirishani ikatoka sauti nyembamba ya mzee: "Mke wangu, nani amekufa?"

Kina mama wakageuka kunitazama.

"Au ni mimi?"

Mkewe akainuka, akanishika mkono. "Ndugu wamekuja kumuuguza, wewe unamzika! Leo hulali gesti, kaka. Utalala chumbani kwake, umwambie mwenyewe kwamba bado yu hai."