Jel ya Mubirizi Kwenye Shingo ya Prefe

Muniache niseme mwenyewe kabla hamujasikia kwa wengine: ndiyo, ni mimi niliyemupaka prefe, mukubwa wa masomo yetu, pili-pili kwenye shingo mbele ya wazazi wote, na sasa hata mama anayeuza mikate ku mulango ananiita Dokta (na hasemi hivyo kwa heshima).

Yote ilitoka kwenye bidon moja ya maji. Prof wetu wa shimi (kemia), Prof Kambale, alitugawa wawili wawili, tutafute mimea ya kwetu inayoshusha uvimbe wa ngozi, tuikamue, tuitie kwenye jel, tuijaribu, halafu tuje kuonyesha kazi siku ya wazazi. Ilikuwa na pointi makumi ine, na mimi nisipopata ishirini hapo narudia mwaka, kwa sababu pointi zangu za egzame ya shimi zilikuwa kidogo mpaka papa akazani ni namba ya nyumba. Alisema wazi kama nikirudia, naenda Kibumba kwa baba mukubwa kulima viazi, na masomo nitayasikia ku redio.

Wakaniweka na Kavira, binti wa Butembo ambaye akiwa kazini hacheki hata ukianguka. Tulichagua mubirizi, ule muti muchungu wa kwenye uzio, ambao bibi zetu wanatwanga majani yake na kuyaweka juu ya vipele. Kavira atengeneze jel kwa maizena, ule unga laini wa mahindi, na glisirini, mimi nitwange majani, niyaloweke kwenye alkoli, nichuje, nimuletee. Kisha, kwa sababu umbu za mutaa wetu wa Katoyi, zile zinazouma usiku, zinanipenda kuliko marafiki zangu, niijaribu siku tatu mahali zimeniuma: mukono wa kushoto jel ya mubirizi, mukono wa kuume jel tupu, na kila siku niandike kwenye kaye, daftari yangu ya shimi.

Sasa kinu cha nyumbani ni kimoja, na asubuhi hiyo mama alikuwa ametwangia humo pili-pili. Kukiosha ilikuwa lazima nibebe bidon mpaka ku robine ya maji ya mutaa, nipange laini nyuma ya wamama makumi mbili, na vijana walikuwa wameningoja ku kiwanja cha mupira. Nikakipangusa na karatasi. Nikajiambia alkoli itaua kila kitu (Prof alikuwa amefundisha kama alkoli haiui nguvu ya mumea, inaivuta yote inje, lakini siku hiyo mimi nilikuwa naangalia dirisha).

Na majaribio? Siku tatu za majaribio nilizicheza mupira zote. Asubuhi ya kuonyesha kazi, nikiwa nyuma ya motari, ku piki-piki yake, njo nikaandika: siku ya kwanza uvimbe umepunguka, siku ya pili umepunguka zaidi, siku ya tatu hauonekani tena, munafunzi anajisikia vizuri. Herufi zilitetemeka kama za mutu wa homa. Kavira akaniuliza kama nimejaribu kweli, nikamuonyesha mukono laini ambao umbu hata moja haikuwa imeugusa wiki hiyo.

Mbele ya wazazi nilisema vizuri, wakapiga makofi, na makofi ni pombe, maana nikaongeza kitu ambacho hakuna mutu aliniuliza: kama jel yetu inatuliza hata vipele vya kunyoa. Prefe alikuwa amekaa mbele, muzee mukubwa mwenye shati nyeupe, shingo imevimba kwa wembe wa asubuhi ileile. Akafungua kola.

"Kijana, paka hapa. Sayansi ni kuona."

Nikapaka, tena sikubania, nilipaka kama siagi ku mukate.

"Inaingia," akasema, akitabasamu kwa wazazi. Kisha akasema inaingia sana. Macho yakajaa maji, akasimama, akaenda pole pole na heshima yake yote mpaka ku bidon ya kunawia mikono, akajimwagia, na maji ikashuka na ile moto mpaka kifuani. Prof alikuwa bado anasoma kikopo cha jel, lakini mama aliyekuwa anapikia wageni maharagi akanusa mara moja tu.

"Papa Prefe, acha maji. Hii ni pili-pili, mafuta njo inaitoa."

Akamumwagia mawese. Ikamusaidia kweli, lakini ile shati, ndugu zangu, ilibaki na rangi ya sahani ya harusi watu wakiisha kula.

Prof akachukua kaye yangu, akasoma kwa sauti ya chini, papa akiwa amekaa musitari wa pili.

"Munafunzi anajisikia vizuri. Munafunzi gani?"

Nilisema yote: kinu, mupira, motari. Kavira hakunitazama, alichota jel yake tupu akajipaka shingoni mbele ya wote, akaonyesha watu kama ngozi haiwaki, na wakamupa pointi zake zote. Mimi kaye ilipata ziro. Lakini Prof akanipa nafasi moja: nitengeneze mubirizi kwa kinu kilichooshwa, nijipake mbele yake siku tatu, niandike tu kile ninachoona. Prefe, kitambaa shingoni, akaongeza kama lazima nianze na kile kikopo cha kwanza.

Ile ya kinu safi ilishusha uvimbe wa umbu kidogo, na jel tupu nayo kidogo, nikaandika hivyohivyo. Juu ya kikopo cha kwanza, ndani ya kaye, niliandika: dakika ya tano, inauma. Dakika ya kumi, inauma. Dakika ya makumi mbili, munafunzi anaomba musamaha kwa prefe. Prof aliweka ishirini na moja juu ya makumi ine, na alama ndogo ya vema pembeni ya musitari huo wa mwisho.

Kibumba nimeiponyoka. Lakini nimeapa: kitu ambacho ngozi yangu haijakionja, sitakipaka mutu, na zaidi sana sitakipaka mutu anayesaini biletini ya pointi zangu.