Breki na Sikio Moja

Fundi wa sauti, mwanamke ambaye studio nzima ilimwita Breki, alikuwa na siri moja: sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Lilizimika polepole, mpaka siku alipoweka simu upande huo akadhani aliyempigia amekata. Hakumwambia mtu. Fundi wa sauti aliye kiziwi nusu, nani atamwamini? Akastaafu mapema, akasingizia mgongo, nao mgongo haukubisha.

Jina la Breki alilipata ujanani, kwa kosa. Alikuwa akicheza wimbo uleule kwenye mashine mbili za tepu kwa pamoja, akitaka sauti ya gita inenepe. Akainama kuokota kalamu, kiwiko kikagusa ukingo wa gurudumu la tepu kwenye mashine moja, kikawa breki. Gurudumu likachelewa kidogo tu, na gita likaanza kuzunguka kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Bosi wake aliinuka kumfokea, akaishia kusikiliza.

"Rudia hilo kosa," akasema.

Breki akalirudia kwa kidole gumba, akalirudia miaka thelathini, na nyimbo alizozizungusha zikapigwa na kila redio.

Sasa binti wa kaka yake, mpiga gita, alikuwa anarekodi wimbo wake wa kwanza. Kompyuta iliweza kuzungusha sauti, lakini kila mara vilevile, kama feni. Binti hakutaka feni. Alizitoa stoo mashine mbili za zamani, akazipangusa, akamfuata shangazi yake mara tatu. Mara mbili alijibiwa kwamba mgongo unauma.

"Shangazi, kama hutaki, sema hutaki," akasema mara ya tatu. "Mgongo uache upumzike."

Breki akacheka, akaona aibu, akaenda. Njia nzima aliwaza jambo moja. Kumharibia wimbo mtoto aliyembeba mgongoni mwenyewe, asingejisamehe.

Saa nne asubuhi wakaanza. Binti alikuwa ameunga mashine moja kwenye spika ya kushoto na nyingine ya kulia, kama alivyozoea. Breki akaziwasha zote mbili kwa mpigo mmoja, akaweka gumba. Ile ya kulia aliisikia vizuri. Ya kushoto ilikuja kwa mbali, kama redio ya jirani. Akageuza shingo, akasogeza kiti, akageuza tena. Gumba likababaika, likakandamiza kupita kiasi, na yakasikika magita mawili yanayofukuzana.

"Shangazi, mbona unageuza shingo kama kuku anayevizia punje?"

Breki akazima mashine. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameficha vya kutosha.

"Sikio la kushoto halisikii, mwanangu. Huu mwaka wa sita. Tafuta mwenye masikio mawili, nisikuharibie wimbo."

Binti hakusema pole. Alizitazama zile spika.

"Kwani zamani mlikuwa mnasikiliza vipi?"

"Tulikuwa na spika moja tu, mbovu, juu ya kabati. Mashine zote mbili zilikuwa zinaingia kwenye waya mmoja, ndiyo..."

Miaka thelathini sauti zile mbili zilikuwa zikigombana na kupatana ndani ya waya, zikamfikia zikiwa kitu kimoja. Sikio moja lilitosha siku zote. Miaka sita amejinyima kazi bure! Akajikasirikia, kisha hasira ikageuka kicheko, na kicheko kikamtoa machozi.

"Ziunge waya mmoja," akasema. "Hiyo spika ya kushoto izime, inatuchosha tu."

Gumba likatua ukingoni, jepesi, kama la mtu anayepima joto la pasi. Gita likainuka, likajikunja, likapita katikati ya wimbo na kurudi. Binti akashika kichwa kwa mikono miwili. Walirudia mara nne, na ya tatu ndiyo iliyobaki kwenye wimbo.

Walipotoka barabarani, magari yalikuwa mengi na binti alikuwa akiongea upande wa kushoto. Ghafla akamzunguka shangazi yake kwa nyuma, akaanza upya upande wa kulia.

"Nilikuwa nasema, wimbo wa pili tuurekodi lini?"

Breki akamshika mkono.

"Kesho," akasema. "Mgongo umepona."