Mkalimani Alikuwa Mkwe

Mimi sinyamazi mkutanoni. Ndiyo maana hospitali moja hapa Kitengela, ilipotafuta mtu asiye daktari wa kukaa kwenye kamati yake ya maadili, ilinichukua mimi, mwalimu mstaafu. Kazi yetu ni zile kesi zinazowakwaza madaktari: nani aamue, nani aambiwe nini, na mgonjwa akikataa matibabu tufanyeje.

Siku hiyo kesi ilikuwa ya mama mmoja Mmaasai kutoka upande wa Illasit. Alikuwa na saratani ya titi. Daktari alisema akipasuliwa sasa ana nafasi nzuri ya kupona, asipopasuliwa itamuua. Lakini mama amekataa, anataka kwenda nyumbani. Wenzangu wakasema hiyo ni haki yake, tupitishe tuendelee na mengine.

Nikauliza nani alimtafsiria, maana mama anajua Kimaa peke yake. Daktari akajibu bila wasiwasi kwamba ni mkwe wake, kijana mpole aliyemwoa bintiye.

Wacha hasira inipande! Kwetu magharibi mama mkwe hawezi hata kula mbele ya mkwe wake, na Wamaasai nao wana heshima zao za ukwe. Sasa huyu mama azungumzie titi lake kwa mdomo wa mkwe? Niliwaambia hatupitishi chochote mpaka apatikane mwanamke anayejua Kimaa.

Akapatikana muuguzi wa kliniki ya watoto. Tukavuta pazia. Nilimsalimia mama, "Takwenya," akaitika, na Kimaa changu kikaishia hapo. Muuguzi alimweleza polepole, akijionyesha kifuani mwake mahali patakapokatwa. Mama akauliza maswali mengi kuliko kamati nzima. Kisha akasema likatwe, yeye bado ana wajukuu wa kulea, ila mkwe asiingie tena humo mwili wake ukizungumziwa. Nilimwahidi. Nilifurahi sana, sifichi.

Nje nilimkuta yule mkwe ameegemea ukuta. Nilikuwa nimejipanga kumpa maneno yake, lakini alivyoniangalia nilishindwa. Nikamwambia tu kwamba mama amekubali kupasuliwa. Akachuchumaa pale pale, akalia.

"Mimi sikumuuliza hayo ya daktari," akaniambia. "Ningeanzia wapi, mwalimu? Nilimuuliza tu kama amechoka kulala hapa, kama anataka kwenda nyumbani."