Fulana Mia Tano za Mishono Nje

Nilikwenda Guangzhou kwa sababu ya choo. Msicheke, ndiyo ukweli wenyewe.

Choo cha soko letu kilizinduliwa na diwani kwa utepe mwekundu na ngoma, ila hakikuwa na mlango. Miaka mitatu mtu anajisitiri kwa kanga huku mwenzake amesimama nje analinda. Ndipo binti yangu Salha na wenzake wawili wakatunga wimbo kwa mdundo wa regetoni, ule wa Walatini unaokitafuta kiuno kabla ya sikio: "Utepe tuliuona, mlango uko wapi?" Nguo za jukwaani hawakuwa nazo. Wakachukua fulana za kampeni za diwani huyohuyo zilizobaki dukani kwangu, maana mimi ndiye niliyemtengenezea, wakazivaa nje ndani. Sura yake ikalala tumboni, na huku nje wakaandika kwa kalamu ya makapeni jina la kundi lao: Mishono Nje.

Nikasema upuuzi huu utakufa baada ya wiki mbili. Wapi! Wakaitwa Tanga, wakaitwa Dodoma, wimbo ukasambaa kwenye simu, mpaka likapangwa onyesho kubwa mtaani kwetu, na kila mtu akataka fulana kama zao.

"Mama, hujawahi kuja kutuona hata mara moja," Salha aliniambia. "Unamwogopa mteja wako."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nikamwahidi fulana mia tano kabla ya siku ya onyesho, nikaapa sitamwaibisha, nikafunga begi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Zhanqian Road, kwenye yale maduka ya jumla ya nguo ambako usipoangalia unabebwa na rukwama pamoja na mzigo. Nikaingia kwa laoban, ndivyo mabosi wa maduka wanavyoitwa huko. Huyu ni mama mfupi, miwani juu ya nywele, na Kiswahili cha kutosha kukataa kupunguza bei. Nikampa fulana ya Salha mwenyewe iwe sampuli.

"Hivi hivi, laoban. Kama ilivyo."

"Hivi hivi!" akajibu. "Ijumaa, mama. Hakuna tatizo."

Jumatano nikaenda jengo la Tianxiu Dasha kumtafuta Bakari, Mzanzibari anayesafirisha mizigo. Lifti ilijaa, ikapanda ghorofa tatu, ikagoma kufungua. Mara sauti ya Mkongo mmoja ikatoka kule nyuma: "Mlango uko wapi?" Lifti nzima ikapokea, Wakenya, Waganda, hata Mchina mmoja mwenye boksi la chaji za simu, wakatikisa viuno mpaka nikahofia kamba zitakatika.

"Huyo anayeimba ni mwanangu!" nikapiga kelele.

"Maman, wa kwako kabisa?" Mkongo akauliza. "Jukwaani yukoje?"

Mlango ukafunguka nikiwa bado natafuta jibu. Watu wa lifti ya Guangzhou walimjua mwanangu kuliko mimi. Niliona aibu, jamani, aibu ya kweli.

Bakari alinipa chai, akasikiliza shida yangu, akatikisa kichwa. "Ukipitisha bandari ya Nansha, dada'angu, kontena litakaa baharini mwezi mzima, na onyesho lishapita. Tia kwenye ndege. Lakini Ijumaa saa nane mchana wanafunga kupokea mizigo, na ndege nyengine ni baada ya wiki."

Ijumaa saa tano, mimi na Bakari dukani kwa laoban, tukafungua robota la kwanza. Yalaa! Diwani. Anatabasamu, meno yote nje, na chini yake: Mpe Tena. Robota la pili, diwani. La tatu, diwani. Nikakaa chini sakafuni.

"Laoban, umeniua! Nilisema kama ilivyo!"

"Mama, ile yako imegeuka, mishono nje. Kosa," akasema kwa huruma kabisa. "Mimi nimegeuza, nimesaidia. Bei ileile."

Nikaanza kulia. Ningemwambiaje Salha? Kwamba mama yake kaenda mpaka China kumletea mteja wake? Bakari ndiye aliyeokota moja akaigeuza, pengine apate kitu cha kunipangusia machozi. Ndani, jina la Mishono Nje limeigwa vilevile, na ile herufi J iliyopinda, na lile doa la wino alilodondosha Salha.

"Hebu tazama," akasema. "Si ndizo hizo hizo?"

Zilikuwa ndizo hizo hizo. Nikamkumbatia laoban mpaka miwani ikadondoka, tukakimbia na marobota. Tulifika saa nane kasoro dakika chache.

Jumatano nikatua Dar. Sijui nani pale kwenye mizigo alichungulia, lakini kabla sijafika nyumbani simu ikalia.

"Mama Salha!" Diwani. "Nasikia umeniletea fulana mia tano kimyakimya. Wewe ndiye mpiga kura! Jumamosi nitakuja mwenyewe."

"Karibu, mheshimiwa," nikasema. Ningesema nini?

Jumamosi saa kumi jioni uwanja ulijaa, wanawake wamevaa fulana juu ya madera, mishono yote nje. Diwani alikaa mbele, anageuza shingo akitafuta sura yake. Nami nilikuwa mbele, na yangu mwilini. Salha aliniona akasahau mstari mzima. Halafu akacheka, akashika kipaza sauti: "Pandisheni fulana, tumuulize mwenyewe!"

Watu mia tano wakapandisha pindo mpaka kidevuni. Diwani mia tano wakatokea, vichwa chini, wakitabasamu. "Mlango uko wapi?" Mheshimiwa alinitazama. Nikapandisha na yangu.

Nimejifunza kwamba sampuli mtu hampi laoban bila kumwonyesha upande wa nje. Nimejifunza pia kwamba mwanangu jukwaani ni moto, na sasa akiniuliza mtu nitamjibu. Mteja nimempoteza.

Jumanne mlango ukaletwa. Wa mbao, una komeo, bila utepe wala ngoma. Nikaingia, nikakomea, nikakaa tu, haja yenyewe sina, mpaka nikasikia mtu anagonga.

"Mama, toka basi!" Ni Salha. "Wenzio tuna foleni huku!"