Saa Iliyosuguliwa

Majirani walimwita Mzee Sekunde, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mgane, mpima ardhi mstaafu, mkavu kama ufito. Aliwahi kumfukuza fundi bomba mlangoni kwa kuchelewa kidogo tu, na bomba likaendelea kumwaga maji mpaka jioni. Sebule yake ilikuwa imetekwa na saa za kale. Ukutani zilisimama zile za kupima wakati kwa usahihi, ndefu, zenye uzito unaobembea nyuma ya kioo, ambazo alizirekebisha kwa kufuata redio. Rafuni zilikaa za mapambo: za kaure, za marumaru, za shaba iliyopakwa dhahabu. Viti vya watu vilisukumwa katikati kama mashahidi wanaosubiri kuitwa, na mgeni akikaa aliambiwa asiegemee.

Aliishi humo na mwanawe wa pekee, fundi umeme, pamoja na mke wa mwanawe, muuguzi wa wodi ya watoto. Aliwapenda kwa namna yake, yaani hakuwahi kuwaambia. Saa, alizisemesha.

Mambo yalikuwa yameshafika pabaya. Siku moja alimwita mkwewe mzembe mbele ya jirani aliyekuja kuazima ngazi. Kijana hakupandisha sauti. Alisema, "Baba, nyumba ni yako, lakini mke ni wangu. Ukimtukana tena, tunahama." Mzee akamjibu kwamba mlango hauna kufuli, kisha akashinda akitega sikio asije akasikia sanduku linaburutwa. Hakuna kitu alichokiogopa kama kubaki peke yake ndani ya nyumba ile. Mtu anaweza kuwa mkali na mwoga kwa wakati mmoja; mara nyingi huo ukali ndio kanzu ya woga wenyewe.

Basi makumbusho ya mji yakaandaa maonyesho ya vitu vya kale, na mtaalamu wao, mama mmoja wa miwani minene, akaahidi kuja kuiona saa ambayo mzee aliithamini kuliko zote. Ilikuwa saa ya mezani yenye sanamu ya mkulima aliyelala juu ya mganda wa ngano, imepakwa dhahabu na mafundi waliokwisha kuoza zamani. Ilikuwa imefifia, imekuwa ya kahawia kwenye mikunjo. Kwa wakusanyaji wa saa kama hizo, kufifia huko ndiko heshima ya saa: ni ushahidi kwamba hakuna mkono uliowahi kuisugua.

Hilo hakumweleza mtu yeyote pale nyumbani. Alichomwambia mkwewe, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua viatu vya zamu, kilikuwa hiki:

"Sebule imekuwa ghala la saruji. Kesho nina mgeni wa maana. Sitaki kuona hata doa. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Umesikia kwa masikio, au umesikia kwa mikono?"

Muuguzi akaenda kutafuta vitambaa.

Asubuhi mgeni aliingia, akasalimia, akaisogelea rafu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mzee aliyafuata macho yake. Mkulima alikuwa anameta kama sufuria ya dukani. Puani, magotini na kwenye kingo za mganda, dhahabu haikuwepo tena. Shaba nyekundu ilichungulia kama goti lililochubuka.

"Hii imesuguliwa na nani?" mgeni aliuliza taratibu.

Mkwe alitoka jikoni na trei ya chai, uso umechangamka. "Ni mimi, mama. Ilikuwa imeota kutu, maskini. Nimeitakatisha kwa dawa ya vitasa."

Mgeni aligusa pua ya mkulima kwa ncha ya kidole. "Mwanangu, hii dhahabu ilikuwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ikishatoka, imetoka." Akamgeukia mzee. "Siwezi kuipeleka kwenye maonyesho. Pole sana." Akampa pole na mkwe pia, akaaga, akaondoka. Chai ikabaki inapoa.

Mkwe aliweka trei chini. "Baba, nisamehe. Sikujua. Kweli kabisa, sikujua."

Hapo palikuwa na nafasi. Wala hakutakiwa kuwa mtu mwema. Kunyamaza tu kungetosha. Lakini mzee alimtazama mkulima, akamtazama muuguzi, akachagua.

"Utajulia wapi? Umelelewa na mama aliyeosha vyombo vya watu. Kwenu kitu kikizeeka, mnakisugua au mnakitupa."

Kijana alikuwa amesimama kwenye korido, mkoba wa zana begani. Hakuna neno lililompita.

"Mama yangu aliosha vyombo vya watu, mimi nikasoma," muuguzi alisema. Sauti ilimtetemeka, lakini ilifika. "Vya kwako nimeviosha mimi, baba, tena bure. Saa nimekosa mimi, nimekiri. Mama yangu umemkosea wewe."

"Baba," kijana alisema, "mwombe radhi."

"Mimi? Aliyeharibu ni nani?"

"Ameharibu, ameomba radhi. Umebaki wewe."

"Nimwombe radhi mtu aliyefuta kazi ya mabingwa kwa kitambaa cha jikoni? Labda uniletee na dawa ya vitasa ninywe!"

Kijana aliutua mkoba, akaingia chumbani. Mkewe akamfuata. Makabati yakafunguliwa, droo zikavutwa. Mzee alibaki kitini, wima, mikono magotini. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na alikuwa nalo. Alilitafuna, akaliona chungu, akalimeza. Alikuwa amewapimia watu mipaka maisha yake yote, lakini mpaka wa kwake, hata alipoonyeshwa, hakuuona.

Walitoka na masanduku. Kijana alisimama mbele yake makusudi, akimpa muda.

"Tunakwenda, baba. Kama una neno, sema."

Mzee aliinua uso. Macho yalikuwa yamelowa, midomo ikicheza, na kijana, ambaye alikuwa bado anamtaka baba yake, akaegesha sanduku ukutani.

"Ile ya kaure," mzee alimwuliza mkwewe, "ile yenye maua. Nayo uliigusa?"

Muuguzi alimkazia macho. "Hapana. Sikuigusa."

Mzee akashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuweza kuizuia. Kijana aliiona, akainama, akalibeba tena sanduku.

"Twende," alimwambia mkewe.