Sahani Iliyorudi Tupu

Jana, nikipanga makabati ya nyumba mpya huku Mansfield, ughaibuni, kikaniangukia kitabu chembamba cha jalada jekundu: mtu mwenye kofia pana, bastola mkononi, farasi nyuma yake. Wallahi, nilikaa chini nacho.

Wewe uliyekulia Sharpstown, mtaa wetu wa wahamiaji, miaka ile ya tisini utanielewa. Ramadhani, magharibi ikikaribia, ngazi nzima ya ghorofa letu ilinukia sambusa, na bibi alinituma juu na sahani ya futari iliyofunikwa kawa, kwa jirani yetu, dereva wa teksi asiye na mke. "Mtu hafuturu maji matupu nami nipo hai," alikuwa akisema. Na kwetu sahani hairudi tupu. Siku moja jirani aliirudisha na tende, siku nyingine na hicho kitabu.

Kilikuwa hadithi ya msaka watoro, mtu anayelipwa kuwakamata waliokimbia mahakama. Nilimsomea jirani kizingitini pake, apate kuzoea Kiingereza. Tulimpenda msakaji yule, jamani! Hakuhangaika na nyayo za farasi. Alikaa kitako akangoja aone nani anabeba chakula.

"Mjanja huyo," jirani akacheka. "Anayejificha lazima ale."

Ramadhani iliyofuata hakucheka tena. Alikuwa na kesi, ametolewa kwa dhamana, na siku ya kwenda mahakamani akaingiwa na hofu, asiende. Akazima taa, akafunga mapazia. Siku ya tatu pikapu nyeusi ikaegeshwa karibu na ngazi yetu, ndani mwanamume mmoja, kioo kimeshushwa. Alikuwa ameuliza mlango kwa mlango. Sote tulimjibu kwamba jirani kahama.

Bibi akakaanga sambusa zake vilevile.

"Bibi, yule mtu bado yupo."

"Kwani yeye ndiye wa kunizuia kumfuturisha mtu? Nenda, mjukuu wangu, zitapoa."

Nikaenda. Nilipopita mbele ya pikapu, yule mtu alinitabasamia. Nilikuwa katikati ya ngazi pale ukurasa ule wa kungoja mbeba chakula uliponijia. Ningeweza kugeuka. Ningeweza kuiangusha sahani, nikalia, nikajidai nimeteguka mguu. Mjinga mimi, niliogopa kugombezwa kwa kumwaga chakula! Nikagonga kama tulivyozoea, mara mbili, kisha moja. Mlango ukafunguka kidogo, na nyuma yangu nikasikia viatu vikipanda, bila haraka.

Jirani hakupiga kelele. Hakumtazama hata yule mtu, alinitazama mimi.

"Teremka kwa bibi, mamangu," akasema, akaipokea sahani.

Adhana ilikuwa inalia kwenye saa yetu ya mezani mlango wetu ulipogongwa. Yule mtu, kofia mkononi kwa adabu, akamrudishia bibi sahani na kawa lake. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, kwa mazoea, akafunua. Haikuwa na kitu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Tende ilibaki mkononi mwake mpaka adhana ikaisha.

Bibi hayupo tena. Jirani sikumwona tena maishani. Huku Mansfield majirani tunapungiana mikono kutoka ndani ya magari, na hakuna anayejua mwenzake anakula nini.

Jana hiyohiyo nilikaanga sambusa, nikajaza sahani ya jirani wa mkono wa kulia, nikaifunika. Nikafika nayo mlangoni. Kabla ya kutoka nilichungulia barabarani, nione kama kuna gari lililosimama na mtu ndani.